Krismasi ya Kikombe cha Ubuyu

Mama mwenzangu, jaribu kukumbuka gauni ulilovalishwa siku ya Krismasi ulipokuwa na umri wa miaka saba. Mimi nimejaribu, nimeshindwa. Ninachokumbuka ni marehemu baba akituamsha alfajiri, sisi watoto wote, na kutupeleka shambani kutazama uwele uliokuwa ndio kwanza unachipua. Tulimfuata mmoja nyuma ya mwingine, umande ukitulowesha miguu hadi magotini, kisha tukarudi kunawa na kwenda kanisani. Safari ile haikumgharimu hata senti moja. Alitupeleka kila mwaka, na mpaka leo nikisikia harufu ya udongo uliolowa najua kwamba Krismasi imekaribia.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu kila Novemba inapoingia akina mama hapa Singida huanza kuulizana, "Mwaka huu sikukuu utaifanyaje?" Swali hili huulizwa bombani, sokoni na baada ya mazoezi ya kwaya. Anayeulizwa anajua kabisa kwamba anaulizwa habari za pesa.

DENI LA SIKUKUU

Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili hivi. Kwa hiyo Krismasi hutukuta ghala likiwa linakaribia sakafuni, na mtama na uwele hautavunwa mpaka Mei au Juni. Pesa ya alizeti na vitunguu vilivyouzwa katikati ya mwaka imekwisha kazi yake. Hizo ndizo wiki za kununua mbegu na kulipa vibarua. Na sikukuu ikipita tu, shule zinafunguliwa. Sidhani kama kuna wiki mbaya zaidi katika mwaka mzima za kufanya ufahari, lakini ndizo tunazozichagua.

Sisemi haya kwa kuwacheka wengine. Mwaka 1996 nilikuwa na watoto watatu, na mume wangu, ambaye ni fundi uashi, alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam na kututumia pesa kila alipopata. Nilikuwa nacheza upatu na wenzangu saba. Zamu yangu ikaangukia Desemba, nami nikaona Mungu amenisikia. Niliwanunulia watoto nguo na viatu vipya. Nilinunua mchele, nyama na kreti nzima ya soda. Pesa ilipopungua, nikachukua vitambaa vya mapazia dukani kwa mkopo. Mapazia! Na nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya kupanga.

Januari ilipofika, binti yangu mkubwa, aliyekuwa akiingia kidato cha pili, alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Alikaa nyumbani wiki tano. Asubuhi alikuwa akifagia uwanja, na wenzake walipopita na sare zao aligeukia ukutani wasimwone uso. Gauni lake la Krismasi lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakunilaumu kwa neno lolote. Ningepata nafuu kama angenilaumu.

Wasomaji wetu vijana watasema kwamba siku hizi elimu ni bure. Ni kweli, tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita pia. Lakini sare bado inashonwa, madaftari bado yananunuliwa, na mtoto wa bweni bado anahitaji nauli, godoro na ndoo. Januari haijawahi kuwa bure.

MWAKA WA MVUA KUBWA

Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka wa El Niño. Mvua zilizoanza mwishoni mwa 1997 ziliendelea hadi mwanzoni mwa 1998, zikakata barabara na reli sehemu nyingi nchini. Kipindupindu nacho kilikuwa kimeenea katika mikoa mingi mwaka huo. Barabara ya kutoka Dodoma kuja Singida kupitia Manyoni wakati ule haikuwa na lami. Anayesafiri leo akiwa amelala usingizi kwenye kiti chake hawezi kuelewa basi kulala siku mbili kwenye tope ni kitu gani.

Mume wangu alikuwa amemtuma utingo mmoja kutuletea salamu: atafika tarehe 23 Desemba, na atakuja na nguo za watoto. Tarehe 23 ikapita. Nami nyumbani nilikuwa na unga, maharage, kuku wawili wa kienyeji na pesa ambayo nikiitaja hapa mtanionea huruma.

Tulikuwa na kitu kingine ambacho sikuwa nimekihesabu. Mwezi Agosti mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nasi kutoka kijijini kwake Iramba, upande wa chini wa kuelekea mbuga za Wembere, akiwa amebeba kuku hao wawili na gunia la mabuyu. Kuku niliwafurahia. Gunia nililisukuma chini ya kitanda nikalisahau. Jumamosi moja kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, mama mkwe alilivuta mwenyewe hadi uwanjani, akawaita wajukuu, akampa kila mmoja jiwe.

Kupasua mabuyu ni kazi ambayo mtoto hahitaji kubembelezwa. Walipasua, wakamumunya, wakapakana unga usoni, wakagombana, wakapatana. Bibi yao aliwaruhusu kumumunya mpaka walipochoka wenyewe, ndipo akasema, "Sasa yaliyobaki ni ya Krismasi." Mbegu na unga wake wakavitia kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Mwanangu wa pili, aliyekuwa na miaka tisa, akauliza ya Krismasi ni ya kufanyia nini. Mama mkwe alikuwa na mawazo ya uji, maana uji wa ubuyu ndio alioujua. Kijana akasema, "Bibi, tutengeneze barafu, kama zile zinazouzwa shuleni."

Hatukuwa na jokofu. Jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyekuwa akiuza maji baridi, alikuwa nalo. Nilimwendea nikiwa na haya, nikamweleza. Alicheka, akasema, "Lete tu, jirani. Wiki ijayo Ramadhani inaanza, na mimi nitakuhitaji."

Basi tarehe 24 mchana tulitengeneza barafu ya ubuyu, tukaijaza kwenye vikombe vidogo. Kijana alichonga vijiti kutokana na mabua makavu ya mtama, tukavichemsha na kuchomeka kimoja katika kila kikombe. Vikombe vilikuwa vya kila mtu aliyekuwapo, cha baba asiyekuwapo, na viwili vya ziada. Mama mkwe alisisitiza hivyo viwili. Alisema nyumba isiyo na sahani ya mgeni inakaribisha ukame.

Usiku ule mvua ilipiga mabati hata tukashindwa kwenda kwenye mkesha. Watoto walikuwa kimya wakisikiliza kama kuna basi linalounguruma barabara kuu. Hapo ndipo mama mkwe, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alipoanza kumsimulia kila mtoto habari za siku aliyozaliwa.

Alianza na mkubwa. Alizaliwa mwaka 1982, wakati wa uhaba wa bidhaa. Sabuni ilikuwa kwa foleni, sukari kwa foleni, na kanga hata ukiwa na pesa hukuipata. "Mama yako alikaribia kujifungua na hapakuwa na kitambaa kipya cha kukupokelea," alimwambia. "Nilichukua kibuyu cha asali, nikatembea nacho kutwa nzima kijiji kwa kijiji, mpaka nilipompata mwanamke mwenye kanga ambayo haijafuliwa hata mara moja. Nikampa asali yote. Wewe ulivaa nguo mpya siku ya kwanza ya maisha yako, mjukuu wangu, wakati nchi nzima ilikuwa inavaa viraka."

Mimi mwenyewe sikuwa nimeyajua hayo. Nilidhani kanga ile aliinunua. Binti yangu hakusema kitu, ila alisogea akakaa karibu zaidi na miguu ya bibi yake.

Mume wangu alifika tarehe 27, Jumamosi, saa kumi jioni, suruali yake ikiwa tope tupu. Mguu mmoja wa safari aliutembea. Kabla hajakaa, yule mdogo alikwishakimbia kwa jirani, akarudi na kikombe cha baba. Alikila kile kitu kilichoganda amesimama mlangoni, taratibu, huku watoto wanne (nahesabu na mama yake, maana naye alikuwa akitazama kama mtoto) wakimkodolea macho. Alipomaliza akauliza kama kuna kingine. Kulikuwa na kimoja kati ya vile viwili vya ziada.

Usiku alinieleza kwa masikitiko kwamba alipanga kununua nguo Dodoma, lakini siku zote zimeishia njiani, na pesa yote ameirudisha kama ilivyo. Alikuwa ameifunga kwenye soksi. Nilimwambia, "Baba watoto, usisikitike. Hiyo ni ada." Tuliihesabu mara mbili kwenye mwanga wa kibatari. Shule zilipofunguliwa Januari 1998, binti yangu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuripoti.

Na jirani yangu alinihitaji kama alivyosema. Ramadhani ilianza tarehe 31 Desemba mwaka ule, na kila alasiri nilimkamulia ubuyu wa kufuturu familia yake, kwa kuwa mikono yangu ilikwisha kuzoea. Tuliendelea hivyo mimi na yeye, yeye Desemba na mimi mwezi wa mfungo, mpaka alipohamia Tabora kwa mwanawe.

DESTURI HUJENGWA NA NINI?

Katika Kutoka sura ya 12, wana wa Israeli waliagizwa kwamba watoto wao watakapouliza maana ya ibada ya Pasaka, wazazi wawaeleze. Nimelitafakari agizo hilo mara nyingi. Linachukulia kwamba watoto watauliza. Na mtoto huuliza juu ya jambo analoliona likirudi, lenye kazi kidogo ndani yake na kitu cha kuonja. Sijawahi kumsikia mtoto akiuliza maana ya kreti ya soda.

Nyumbani kwetu yamebaki mambo manne. Mabuyu hupasuliwa Jumamosi ya kabla ya Majilio. Barafu hutengenezwa tarehe 24 mchana, na vikombe viwili huwa vya ziada. Usiku huo husomwa habari ya kuzaliwa kwa Bwana katika Luka sura ya 2, kisha kila mtoto anasimuliwa siku yake ya kuzaliwa. Tarehe 26, Siku ya Zawadi, vile vikombe viwili na chakula kidogo hupelekwa kwa mtu ambaye hakutarajia kukumbukwa. Watoto ndio wanaochagua ni nani, na huwa hawamchagui yule ambaye mimi ningemchagua. Mwaka mmoja walimchagua mlinzi wa usiku wa godauni, ambaye nilimwona kila siku kwa miaka sita bila kujua kwamba ana mke mgonjwa.

Usifikiri kwamba kila nililobuni lilifaulu. Mwaka 2001 niliona tufanye igizo la horini uwanjani kwetu, na beberu halisi. Beberu alikula taji la karatasi la mamajusi wa kwanza, kisha akaanza kula pazia. (Naam, ni yale mapazia ya 1996, nilikuwa nimemaliza kuyalipa miaka mingi iliyopita, lakini bado yaliniuma.) Mwaka mwingine niliwaagiza watoto waandike barua za shukrani ukurasa mzima. Waliandika wakiwa wamenuna. Nimejifunza kuacha kinachokufa kife. Dada, ukitaka kuanza desturi nyumbani kwako, anza na moja tu, iwe ndogo kiasi kwamba hata mwaka wa njaa au wa msiba itawezekana. Na mshirikishe baba mapema, kabla ya Desemba, mkiwa mmetulia na kalamu mkononi: kwanza andikeni mahitaji ya Januari, kisha mbegu, halafu ndipo sikukuu. Mume wangu mwanzoni aliliita zoezi hili kikao cha bajeti cha Bunge. Siku hizi ndiye anayelikumbusha.

BARAFU YA UBUYU

Kwa vikombe vidogo kumi na viwili utahitaji ubuyu wenye mbegu zake vikombe viwili vya chai, maji vikombe vinne, maziwa kikombe kimoja na nusu, unga wa ngano vijiko viwili vya chakula, sukari robo tatu ya kikombe, iliki punje nne zilizotwangwa na chumvi kidogo sana. Tumia ubuyu mweupe mkavu. Ule mwekundu wa pwani, uliopikwa na sukari na pilipili, ni mtamu kumumunya lakini haufai kwa kazi hii.

Chemsha maji yatokote vizuri, kisha yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu tu. Mimina juu ya ubuyu, funika, acha nusu saa au zaidi. Koroga kwa mwiko kwa nguvu mpaka unga uachane na mbegu, halafu chuja, ukikandamiza. Ubuyu wenyewe usiuchemshe. Unga wake una vitamini C nyingi, uzito kwa uzito unalizidi chungwa, na vitamini hiyo hupungua kwa moto.

Sasa koroga unga wa ngano kwenye maziwa yakiwa baridi, tia sukari, iliki na chumvi, weka jikoni na ukoroge mfululizo mpaka upate uji mwepesi ulioiva. Huu uji ndio siri ya barafu laini. Bila huo utapata bonge gumu la kuvunja meno, ambalo mtoto hunyonya utamu wote kisha anabaki na barafu nyeupe isiyo na ladha. Uache uji upoe kabisa kabla ya kuuchanganya na ubuyu. Nasema kabisa. Ubuyu ni mchachu, na ukiumimina kwenye maziwa ya moto yatakatika mbele ya macho yako.

Onja. Utamu uzidi kidogo ule unaoupenda kwenye juisi, kwa sababu ulimi hauonji vizuri kitu chenye baridi kali. Lakini usizidishe sana, maana sukari nyingi huchelewesha kuganda. Jaza vikombe, ukiacha nafasi ya upana wa kidole juu, kwani maji yakiganda huongezeka. Ikianza kushika, baada ya saa moja au zaidi kidogo, chomeka kijiti. Ukikichomeka mapema kitalala. Iache usiku kucha. Kuitoa, chovya kikombe kwenye maji ya kawaida kwa muda mfupi.

Zamani tulifunga kwenye vifuko vya nailoni kama wauzaji. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini, nasi nyumbani tuliamua kuachana na vifuko vyote, hata vile vya barafu. Vikombe ni bora zaidi: vinaoshwa, na uwanja haubaki na takataka zinazopeperushwa na upepo wetu wa Singida hadi kwenye ua wa jirani.

Anayependa asali anaweza kuiweka badala ya sukari, na asali ya mkoa wetu haihitaji kusifiwa na mimi. Itie uji ukiwa umepoa. Ila barafu yenye asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata kwa kuonjeshwa, kwa sababu asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda. Kama huna ubuyu, ukwaju unafaa, na Desemba huwa kuna maembe. Embe halihitaji unga wa ngano. Likipondwa vizuri ni laini lenyewe.

Jambo moja nitalisema kwa mkazo, kwa kuwa nililijifunza kwa machozi. Baridi haiui vijidudu vya kuhara. Vingi huvumilia, vinasubiri tu kuingia tumboni. Mwaka 1999, nikiwa na haraka ya kwenda kwenye mazoezi ya kwaya, nilitumia maji ya ndoo bila kuyachemsha. Mtoto wangu mdogo alilazwa siku mbili na chupa ya maji mkononi, na sikukuu ile tuliimalizia kwenye benchi la wodi. Kosa lilikuwa langu na haraka yangu. Chemsha maji, chemsha maziwa, chemsha vijiti, osha mikono ya wote wanaosaidia.

WASIO NA JOKOFU

Akina mama wa vijijini wataniambia, "Wewe una umeme." Umeme umefika vijiji vingi sasa, lakini jokofu ni jambo jingine, na siku umeme unapokatika wote tunakuwa sawa. Iko njia, na ina umri mkubwa kuliko majokofu yote. Mwaka 1843 mwanamke mmoja Mmarekani, Nancy Johnson, alipata hati ya kumiliki ubunifu wake wa mashine ya aiskrimu ya kuzungusha kwa mkono. Ilikuwa ndoo, ndani yake kopo, katikati yake barafu na chumvi, na mpini wa kuzungushia. Ndoo, kopo, barafu na chumvi unaweza kuvipata, na mpini ni mikono ya watoto.

Nunua barafu ya bonge kwa mwenye jokofu, iweke kwenye gunia safi na uiponde kwa mchi. Kwa kila vipimo vitatu vya barafu, pima kimoja cha chumvi ya kawaida. Weka mchanganyiko wako, ukiwa umepoa tayari, kwenye sufuria ndogo nyembamba yenye mfuniko, usiijaze kupita nusu. Isimamishe ndani ya ndoo, izungushie barafu na chumvi kwa tabaka mpaka karibu na ukingo. Kisha watoto wapokezane kuizungusha huku na huku kwa kushika mfuniko. Kila baada ya dakika tano fungua, kwangua kilichoganda pembeni ukirudishe katikati. Baada ya dakika thelathini au arobaini utakuwa na barafu laini ya kula kwa kijiko, na kusema kweli ni tamu kuliko ile ya jokofu.

Chumvi hufanya nini? Huilazimisha barafu iyeyuke hata ikiwa na baridi chini ya sifuri, na barafu ikiyeyuka hunyonya joto kutoka kwenye sufuria. Kwa hiyo maji yale ya chumvi huwa ya baridi kuliko barafu yenyewe. Watoto wasitumbukize mikono humo, yanaweza kuunguza ngozi kama moto. Angalia pia yasiingie kwenye sufuria unapofungua mfuniko. Ukimaliza usiyamwage bustanini wala kwenye shina la mwembe, chumvi itaukausha.

MWAKA HUU

Mama mkwe alitutoka mwaka 2009, baada ya mavuno. Krismasi ile hakuna aliyetaka kusimulia, tukakaa tukitazamana, mpaka binti yangu mkubwa alipoanza kusimulia siku ya bibi yake ya kuzaliwa. Bila shaka hakuijua. Aliitunga yote, na kibuyu cha asali akakiweka humo, nasi tukacheka na kulia pamoja.

Binti huyo ni mwalimu sasa, yuko Mwanza, ana watoto wake. Mwaka juzi alinipigia simu kuuliza kipimo cha unga wa ngano. Nikashangaa, kwa maana ameifanya kazi hiyo tangu akiwa msichana. Akaniambia, "Mama, nakijua. Nilitaka wanao wakusikie ukikitaja." Wakati huo huo mjukuu mmoja nilimsikia nyuma akidai iwekwe chokoleti. Nimekataa kwa miaka miwili. Mwaka huu nimemruhusu kikombe kimoja, cha kwake peke yake, tuone.

Wanakuja wote. Gunia la mabuyu liko chini ya kitanda kilekile, na mume wangu ameshalichungulia mara mbili. Mdogo wa mwisho katika wajukuu ana miaka minne, na mwaka huu ndipo atakapoweza kukaa macho hadi zamu yake ifike. Alizaliwa usiku, ndani ya teksi, kabla hawajafika hospitali, na dereva alikuwa analia kuliko mama yake. Nimeanza kuijaribu hadithi hiyo jikoni, peke yangu, nisije nikaikosea.